Farasi wa mbio za kuruka viunzi: jinsi kambi za Uingereza na Ireland zinavyojiandaa kwa msimu

Mwezi Julai unapoingia, kambi za mazoezi ya farasi nchini Uingereza na Ireland huanza kuwarejesha farasi wao waliokuwa wakipumzika malishoni tangu mwezi Mei. Hurudi wakiwa na matumbo makubwa, manyoya yaliyofifia kwa jua na misuli iliyolegea. Takriban siku 100 baadaye, katika mwezi Oktoba, wengi wao hutarajiwa kukimbia umbali wa zaidi ya kilomita 3 na kuruka vizuizi vinavyofika kiunoni au kifuani mwa mtu mzima, wakiwa wamebeba mpandaji mgongoni. Yanayotendeka katika siku hizo 100 ndiyo yanayoamua iwapo farasi atashinda, ataumia, au hatafika kabisa kwenye mstari wa kuanzia.

Mchezo huu ni sehemu ya maisha ya vijijini katika nchi hizo mbili jirani. Maelfu ya watu huutegemea kwa riziki, na mamilioni hutazama mashindano yake makubwa. Hata hivyo, umekuwa pia chanzo cha mjadala mzito kuhusu usalama wa wanyama na wa wapandaji, na kuhusu masilahi ya wafanyakazi wanaoamka alfajiri ili kuufanya uwezekane.

Mbio kutoka kanisa hadi kanisa

Inasimuliwa kwamba mwaka 1752, katika Jimbo la Cork kusini mwa Ireland, wanaume wawili, Cornelius O'Callaghan na Edmund Blake, waliwekeana dau la kukimbiza farasi kutoka kanisa la Buttevant hadi kanisa la Doneraile, umbali wa kilomita 7 hivi. Mnara wa kanisa ulionekana kutoka mbali, nao ukawa ndio alama ya kufuata. Kila kilichokuwa njiani, yaani ukuta wa mawe, mtaro au ua wa miti, kililazimika kurukwa. Hadi leo jina la Kiingereza la mbio hizi lina neno lenye maana ya mnara wa kanisa.

Siku hizi kuna aina mbili kuu. Ya kwanza ni mbio za viunzi vyepesi, vyenye kimo kisichopungua mita 1.07, ambavyo huinama vikiguswa. Ya pili ni mbio za vizuizi vikubwa, vilivyosukwa kwa matawi, vyenye kimo kisichopungua mita 1.37. Mashuhuri kuliko zote ni mbio za Grand National katika uwanja wa Aintree, karibu na Liverpool. Mbio hizo zilianza mwaka 1839, zina urefu unaokaribia kilomita 7, na farasi huruka mara 30.

Tofauti na mbio za tambarare, ambako farasi huanza kushindana wakiwa na umri wa miaka 2 na wengi hustaafu mapema, farasi wa kuruka huanza wakiwa na miaka 3 au 4 na huweza kuendelea hadi miaka 10 au zaidi. Wengi wao ni maksai, yaani madume waliohasiwa, kwa hiyo hawana thamani ya uzazi inayoweza kuwaondoa mapema uwanjani. Kwa sababu hiyo mashabiki hupata muda mrefu wa kumfahamu farasi mmoja, na mtumishi wa kambi huweza kumtunza mnyama yule yule kwa miaka mingi.

Mwenda pole hajikwai

Kambi nyingi ziko mahali ambapo ardhi yenyewe husaidia kazi. Kijiji cha Lambourn, magharibi ya London, kimezungukwa na vilima vya chaki vyenye nyasi fupi. Udongo wa aina hiyo hupitisha maji upesi, hivyo mvua kubwa haiugeuzi kuwa tope zito. Ndiyo maana kijiji hicho kimekuwa kitovu cha mafunzo ya farasi kwa vizazi kadhaa, na bonde lake hujulikana kama bonde la farasi wa mbio. Miongoni mwa kambi zake ni Seven Barrows ya mkufunzi Nicky Henderson, iliyopewa jina la makaburi ya kale ya vichuguu yaliyo karibu nayo. Nchini Ireland, kambi yenye nguvu kuliko zote katika miaka ya karibuni ni ile ya Willie Mullins, iliyoko Closutton katika Jimbo la Carlow.

Wiki za kwanza baada ya farasi kurudi hazina mbio hata kidogo. Farasi hutembezwa barabarani na vijiani kwa saa moja au zaidi, kisha huendeshwa kwa mwendo wa telki, aghalabu katika miinuko. Lengo ni kuimarisha mifupa, kano na viungo kabla ya kuvitwisha mzigo wa kasi. Moyo na mapafu hujibu mazoezi kwa haraka, lakini kano huchelewa. Farasi anayeharakishwa huweza kuwa na pumzi ya kutosha ilhali miguu yake bado haijawa tayari, na hapo ndipo madhara hutokea.

Baada ya wiki tano au sita za kazi hiyo, farasi huanza kukimbia kwa mwendo wa wastani katika njia maalumu za mazoezi. Zamani njia hizo zilikuwa za nyasi pekee. Leo kambi nyingi zina njia za vipande vya mbao, au za mchanga uliochanganywa na nyuzi na nta, ambazo hazigandi upesi wakati wa baridi wala hazikauki kama jiwe wakati wa kiangazi.

Mtu aliyebadilisha sana namna ya kuwaandaa farasi wa kuruka ni Martin Pipe, mkufunzi wa kusini magharibi mwa England ambaye baba yake alikuwa na biashara ya kamari. Badala ya kuwakimbiza farasi mara moja kwa umbali mrefu, Pipe aliwapandisha mlima mara kadhaa kwa vipindi vifupi, akiwapumzisha kati ya kipindi na kipindi. Aliwapima uzito na akajenga maabara ya kuchunguza damu yao. Wengi walimtilia shaka mwanzoni, lakini alitwaa ubingwa wa wakufunzi mara 15 kabla ya kustaafu mwaka 2006, na mbinu zake zimekuwa jambo la kawaida hata kwa waliompinga.

Siku ya saisi

Kiswahili kina neno la zamani kwa mtu anayemtunza farasi: saisi. Neno hilo lina asili ya Kiarabu, na lilienea Bara Hindi kabla ya kuzoeleka katika Kiingereza cha Afrika Mashariki. Bado linasikika katika uwanja wa mbio wa Ngong jijini Nairobi, ambako watunza farasi huitwa kwa jina hilo hilo. Saisi wa Nairobi angeweza kusimama katika kambi ya Lambourn na kuitambua kazi yake mara moja.

Chakula cha kwanza hutolewa alfajiri, mara nyingi kabla ya saa kumi na mbili. Ndipo saisi huingia katika chumba cha kila farasi aliyekabidhiwa, kwa kawaida farasi watatu hadi watano. Jambo la kwanza ni kuangalia chombo cha chakula. Farasi aliyeacha chakula ametoa habari: huenda ana maumivu, homa, au wasiwasi. Jambo la pili ni kuipapasa miguu ya mbele kwa kiganja, kutoka gotini hadi kwenye kifundo. Joto kidogo au uvimbe mdogo nyuma ya mguu huweza kuwa dalili ya kwanza ya kano kuchanika. Vifaa vya kisasa vya uchunguzi vipo, lakini mara nyingi kinachogundua tatizo kwanza ni kiganja cha mtu anayemjua farasi huyo kila siku.

Baada ya kusafisha chumba, saisi humfunga farasi hatamu na tandiko, na kundi la kwanza hutoka kambini mnamo saa moja au saa moja na nusu asubuhi. Makundi mengine hufuata hadi karibu na adhuhuri. Farasi akirudi huoshwa jasho, hukaushwa, hupewa maji na kupigwa brashi. Alasiri kuna awamu ya pili: vyumba husafishwa tena, kwato hukwanguliwa, miguu hukaguliwa upya na chakula cha jioni hutolewa. Wikendi hufanyiwa kazi kwa zamu, kwa kuwa farasi hajui Jumapili.

Farasi wa mbio huwa na uzito wa takriban kilo 500. Chakula chake, nyasi na nafaka kwa pamoja, hukaribia asilimia 2 hadi 2.5 ya uzito huo kila siku, na hunywa makumi ya lita za maji. Nyasi kavu mara nyingi hulowekwa au kufukizwa mvuke ili kuondoa vumbi, kwa sababu vumbi ni adui wa mapafu. Kambi ikivamiwa na maradhi ya kifua, farasi wake wote huweza kupoteza wiki kadhaa za msimu, hata kama hawaonekani kuwa wagonjwa.

Mhunzi wa kwato naye hufika mara kwa mara. Viatu hubadilishwa kila baada ya wiki nne au tano hivi. Mazoezini farasi huvaa chuma cha kawaida, lakini siku ya mashindano wengi huvalishwa viatu vya alumini, vilivyo vyepesi zaidi.

Kujifunza kuruka

Farasi hana budi kufundishwa kuruka kwa mpangilio. Huanza kwa kuvuka nguzo zilizolazwa chini, kisha magogo madogo, kisha viunzi vifupi. Katika kambi nyingi huruka kwanza bila mpandaji ndani ya uwanja uliozungushiwa uzio, ili ajifunze mwenyewe kupima hatua zake. Baadaye joki hufika asubuhi na mapema kumrusha farasi vizuizi vya kimo kamili. Kinachotafutwa ni hesabu sahihi ya wapi pa kuanzia kuruka, kwani farasi anayekaribia kizuizi kwa kasi akakosea hatua moja huweza kuanguka na kumwangusha mtu aliye mgongoni.

Utafiti umebadilisha hata rangi ya vizuizi. Kwa miaka mingi mbao za viunzi nchini Uingereza zilipakwa rangi ya machungwa, iliyoonekana vizuri machoni pa binadamu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter walibainisha kwamba jicho la farasi halitofautishi vizuri rangi hiyo na kijani cha nyasi. Kutokana na matokeo hayo, mamlaka ya mbio iliamua kuiondoa rangi ya machungwa na kuweka nyeupe inayong'aa.

Mguu mmoja, mwaka mzima

Jeraha linaloogopwa zaidi kambini ni la kano za miguu ya mbele. Farasi aliyechanika kano kwa kawaida hukaa nje ya mashindano kwa muda unaokaribia mwaka mmoja, na wengine hawarudi kamwe. Kwa mmiliki hiyo ni hasara ya ada za mwaka mzima, na kwa mkufunzi mdogo mwenye farasi wachache huenda ikawa ndiyo tofauti kati ya kufunga hesabu na kufunga kambi.

Historia ya mchezo ina mifano ya waliorudi. Aldaniti, aliyetunzwa kusini mwa England na mkufunzi Josh Gifford, alipata majeraha mabaya ya miguu yaliyodhaniwa kuwa mwisho wake. Joki wake, Bob Champion, naye alikuwa akitibiwa saratani. Mwaka 1981 wawili hao walishinda Grand National. Kabla yao alikuwapo Red Rum, farasi mwenye maradhi ya mfupa wa kwato. Mkufunzi wake, Ginger McCain, hakuwa na vilima vya nyasi. Alimfanyisha mazoezi katika ufuo wa bahari wa Southport, ambako mchanga na maji ya chumvi vilimfaa. Red Rum alishinda Grand National mara tatu, katika miaka ya 1973, 1974 na 1977.

Lakini si kila habari ina mwisho mwema. Nchini Uingereza, takriban farasi 4 hufa katika kila washiriki 1,000 wa mbio za kuruka, kiwango ambacho ni mara kadhaa ya kile cha mbio za tambarare. Watetezi wa wanyama husema kwamba idadi hiyo haikubaliki kwa jambo ambalo ni burudani. Wenye mchezo hujibu kwamba hatari imepunguzwa na kwamba bila mbio farasi hao wasingezaliwa kabisa. Chini ya shinikizo hilo, kiini kigumu cha vizuizi vya Aintree kiliondolewa na kuwekwa cha plastiki kinachonyumbulika, na tangu mwaka 2024 idadi ya washiriki wa Grand National imepunguzwa kutoka 40 hadi 34. Kwingineko hatua zimekuwa kali zaidi: nchini Australia, jimbo la New South Wales lilipiga marufuku mbio za kuruka mwaka 1997, na Australia Kusini ikafuata mwaka 2022.

Wapandaji nao hulipa gharama. Kwa joki wa mbio hizi kuanguka ni sehemu ya kazi, na kuvunjika mfupa wa bega au mbavu ni jambo la kawaida. Mwaka 1964, baada ya majoki Tim Brookshaw na Paddy Farrell kupooza kutokana na kuanguka, ulianzishwa mfuko wa kuwasaidia majoki walioumia. Mfuko huo unaendelea hadi leo, na mwaka 2009 ulifungua kituo cha tiba na mazoezi ya viungo huko Lambourn, kiitwacho Oaksey House.

Fedha hutoka wapi, huenda kwa nani

Mmiliki humnunua farasi na kulipa ada ya mafunzo kila mwezi. Wengi hawarudishi fedha hizo kupitia zawadi. Uingereza hufadhili sehemu ya mchezo kwa tozo maalumu inayotozwa kampuni za kamari, inayosimamiwa na bodi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1961. Ireland hutumia mfuko wa serikali unaogawanywa kati ya mbio za farasi na mbio za mbwa.

Saisi yuko mwisho wa mnyororo huo. Farasi aliye mkononi mwake huenda alinunuliwa kwa maelfu mengi ya pauni, ilhali mshahara wa anayeanza kazi hauko mbali na kima cha chini cha kisheria. Nchini Uingereza viwango hukubaliwa kati ya shirikisho la wakufunzi na chama cha wafanyakazi wa mbio, na sehemu ya zawadi za ushindi huingia katika chungu cha pamoja cha wafanyakazi wa kambi. Hata hivyo, upungufu wa watu umekuwa tatizo la kudumu. Vijana wa vijijini hawapendelei tena kazi ya alfajiri, mvua na baridi, na kambi nyingi hutegemea wapandaji kutoka India, Pakistan, Brazil, Ufilipino na Ulaya ya Mashariki. Tangu Januari 2021, Uingereza ilipokamilisha kujitoa katika Umoja wa Ulaya, raia wa nchi nyingi za umoja huo nao wanahitaji viza ya kazi. Wa Ireland hawaihitaji, kwa sababu ya makubaliano ya zamani kati ya nchi hizo mbili.

Farasi wenyewe hawakupata nafuu hiyo. Wengi wanaokimbia Uingereza huzaliwa Ireland, hulelewa katika mashamba madogo, hujaribiwa katika mbio za ridhaa, kisha huuzwa kwa mnada ng'ambo ya bahari. Zamani walivuka kwa urahisi chini ya mkataba wa nchi tatu, ikiwemo Ufaransa. Tangu mwaka 2021 safari kati ya Uingereza na Jamhuri ya Ireland huhitaji vyeti vya afya na hati za forodha.

Kuanzia Oktoba hadi Aprili

Msimu halisi huchangamka mwezi Oktoba, ardhi inapolainika kwa mvua. Mbio za Chepstow na Cheltenham huwatoa farasi wengi kwa mara ya kwanza, na mwezi Novemba huleta mashindano ya Down Royal huko Ireland ya Kaskazini. Tarehe 26 Desemba macho huelekezwa Kempton na Leopardstown. Machi ni zamu ya tamasha la siku nne la Cheltenham, ambako wakufunzi wa nchi hizo mbili hupimana nguvu. Aprili ni Aintree, na Jumatatu ya Pasaka ni Grand National ya Ireland huko Fairyhouse, kabla ya pazia kufungwa huko Sandown kwa Uingereza na Punchestown kwa Ireland.

Ushindani huo umeegemea upande wa Ireland katika miaka ya karibuni. Katika msimu wa 2023 hadi 2024 Willie Mullins alikuwa mkufunzi wa kwanza mwenye makao yake Ireland kutwaa ubingwa wa Uingereza tangu Vincent O'Brien miaka 70 kabla yake. Mwaka 2021 Rachael Blackmore wa Ireland alikuwa joki wa kwanza mwanamke kushinda Grand National, akimpanda Minella Times. Ushindi wake uliwapa moyo wanawake, ambao ni sehemu kubwa ya wafanyakazi wa kambi.

Farasi anapostaafu, gharama zake haziishi. Nchini Uingereza kuna shirika lililoanzishwa mwaka 2000 kwa ajili ya kuwafundisha farasi hao kazi nyingine, kama vile michezo ya maonyesho au kupandwa na watu wa kawaida. Wengine huwa viongozi wa farasi wachanga katika kambi ile ile. Wale ambao bado wana mbio miguuni huvuliwa viatu mwezi Mei, hutolewa malishoni, na saisi hupata wiki chache za mapumziko kabla Julai haijafika tena.